Bweni au gheto, peke yako au kikundi: chaguzi za mwaka wa kwanza katika chuo kikubwa cha umma

Muhula wangu wa kwanza chuoni niliugua siku tisa. Niliuguzwa nyumbani, nikapona, nikarudi. Vipindi kama kumi na viwili vilikuwa vimepita bila mimi. Ukumbini, kiti changu cha safu ya nyuma kilikuwa na mtu mwingine, mhadhiri alishafika mada ya nne, na katika watu zaidi ya mia nne hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nilikosekana. Mwenzangu wa chumba naye hakuuliza kitu. Habari zake zitakuja mwishoni. Aliyeuliza alikuwa mama aliyekuwa akifagia korido ya bweni letu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Ulikuwa wapi, mwanangu? Wiki nzima sivioni viatu vyako mlangoni."

Tangu siku hiyo, mdogo wangu yeyote anayeniuliza achague nini chuoni namrudishia swali la yule mama: usipotokea, nani atajua, na atajua baada ya siku ngapi?

Shuleni swali hili halikuwapo. Kulikuwa na mahudhurio, mwalimu wa darasa, kengele, na mzazi aliyeitwa ukivuka mpaka. Chuo kikubwa cha umma kinaviondoa vyote siku moja. Wengi huona ni ukatili, kumbe ni hesabu tu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 400 akitaka kuzungumza na kila mmoja dakika mbili, anahitaji zaidi ya saa 13. Hawezi. Kwa hiyo kazi ya kuhakikisha unaonekana imehamishiwa kwako, na hakuna aliyekutangazia.

Nitalinganisha chaguzi zinazowasumbua zaidi watu wa mwaka wa kwanza. Fedha na utulivu wa moyo ni vipimo pia, na kuna mahali nitavitanguliza. Ila kipimo cha mama wa ufagio ndicho watu husahau.

Bweni la chuo au chumba cha kupanga

Wengi hapa hulinganisha kodi peke yake. Tupanue kidogo.

| Jambo | Bweni | Chumba cha kupanga (gheto) |
|---|---|---|
| Umbali | Dakika chache kwa miguu. Hata kipindi cha alfajiri unakiwahi | Usafiri ukikwama, kipindi kimepita |
| Utulivu | Mdogo, na kelele hazina ratiba | Mkubwa, ukijaliwa majirani |
| Gharama | Moja, unaijua mapema | Kodi, maji, umeme, nauli. Kila kimoja kinakuja kwa wakati wake |
| Uhuru | Kuna kanuni za wageni, za kupika na za kufunga geti | Ni wewe na mwenye nyumba |
| Wa kukaa naye | Mara nyingi unapangiwa | Unamchagua, au unakaa peke yako |
| Nani atajua hukuonekana | Mwenzako wa chumba, usiku uleule | Mwenye nyumba, mwisho wa mwezi |

Mstari wa mwisho si mzaha mtupu. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Wakazi hawakuchagua majirani. Walipewa nyumba kadiri zilivyopatikana. Walipoulizwa rafiki zao ni akina nani, majirani wa mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41. Waliotenganishwa na mlango mmoja, asilimia 22. Waliokaa ncha mbili za korido ileile, asilimia 10. Tunazungumzia hatua chache tu za miguu! Waliokaa karibu na ngazi, kwa sababu wa juu walipita mlangoni pao kila siku, walipata marafiki hata wa ghorofa nyingine.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua chumba bwenini, usikimbilie kile cha mwisho wa korido kwa sababu ni kimya. Chukua cha karibu na ngazi au karibu na bomba. Utalalamika kuhusu kelele mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili utakuwa unajua majina ya nusu ya jengo.

Alexander Astin, aliyefuatilia wanafunzi wa vyuo vya Marekani kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1984 kwamba kukaa katika makazi ya chuo kunaambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa mwanafunzi kubaki chuoni hadi amalize. Hoja yake haikuwa majengo. Mtu anayelala chuoni hutumia muda mwingi zaidi chuoni, na muda huo ndio unaomfunga na mahali.

Hukumu yangu: mwaka wa kwanza kaa bwenini, hata kama ni baya. Mwaka wa pili hama ukitaka, pamoja na watu uliowachagua kwa macho yako. Anayehamia gheto siku ya kwanza ananunua utulivu kabla hajajua anautafutia nini.

Wapo ambao ushauri huu hauwahusu. Mwenye mtoto mdogo, mwenye ugonjwa unaodai usingizi wa uhakika, anayefanya kazi usiku: hawa wapange chumba bila kujilaumu. Tena vyuo vingi vya umma havina vitanda vya kutosha, kwa hiyo huenda uamuzi huu ukafanyiwa na orodha iliyobandikwa ukutani. Ikitokea hivyo, panga chumba kimoja na mtu wa kozi yako, hata kama si rafiki. Akiamka kwenda kipindini utaamka. Na ujiwekee kiti chuoni: meza ileile ya maktaba, saa zilezile, kila siku ya kazi. Ndani ya wiki tatu watakuwepo watu usiowajua majina watakaoshangaa meza ikiwa tupu.

Msuli (kusoma kwa bidii) wa peke yako au wa kikundi

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo wanafunzi hodari wa shuleni wanapoangukia.

Katikati ya miaka ya 1970, Philip Uri Treisman alikuwa akisomea shahada ya juu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chuo cha umma na kikubwa. Kulikuwa na jambo lililomkera: wanafunzi Weusi, wengi wao waliotoka shuleni na sifa nzuri, walikuwa wakianguka somo la kalkulasi kwa wingi, huku wenye asili ya China wakifaulu vizuri. Aliwauliza wenzake wa idara sababu ni nini. Alijibiwa kama watu wanavyojibu kila mahali: hawana ari, msingi wao dhaifu, familia haziwasukumi, hali za kipato. Badala ya kuridhika, alichukua wanafunzi 20 wa kila kundi akawafuata, akaangalia wanavyosoma hasa.

Majibu ya wenzake hayakusimama. Wanafunzi Weusi walikuwa na ari, na wazazi wao waliwaunga mkono sana. Walihudhuria vipindi na kufanya kazi zote. Waliambiwa watenge saa mbili kwa kila saa ya darasani, wakatenga, wakafikia kama saa nane kwa wiki. Peke yao. Masomo yalikuwa upande mmoja na marafiki upande wa pili, na baina ya pande hizo ukuta. Wenzao wenye asili ya China nao walianza peke yao, kisha jioni walikutana, wakapika, wakakagua majibu, wakaulizana maswali ya mitihani ya nyuma. Jumla yao ilifika takribani saa 14. Faida kubwa kuliko saa zenyewe ilikuwa hii: wakishindwa swali wote wanne, walijua swali ni gumu. Aliyesoma peke yake akishindwa swali lilelile, alijua kitu kingine kabisa. Alijua kwamba yeye ni mjinga. Na alikuwa amekosea.

Treisman akaanzisha warsha za hisabati ambazo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani na kuyashughulikia kwa vikundi. Hakuziita tuisheni ya walioanguka, na nadhani hapo alionyesha busara. Nani anataka kuonekana akiingia darasa la walioshindwa? Matokeo ya kalkulasi yalipanda sana, na vyuo vingine vikaiga.

Sasa upande wa pili. Kikundi kibaya ni balaa kuliko upweke, kwa sababu kinakupa hisia ya kusoma bila kusoma. Mnakutana saa kumi na mbili, saa moja mnamsubiri mwenye madesa, yaani nakala za maelezo ya masomo, saa mbili mnajadili uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, saa tatu mnaagana mkiwa mmechoka kweli. Nimekaa katika vikundi vya namna hii viwili. Kimoja kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Linganisha kwa aina ya kazi. Kusoma mada kwa mara ya kwanza, kukariri fomula, kuandika insha: peke yako, simu ikiwa chumba kingine. Kutatua maswali, kutetea hoja, kueleza dhana kwa mtu asiyeielewa: kikundi. Utaratibu unaofanya kazi ni wa vijana wa Berkeley, yaani peke yako kwanza, kikundi baadaye, na asiyekuja na jaribio lake kwenye karatasi hakai mezani. Watu wanne wanatosha. Wakifika saba, wawili wanageuka wasikilizaji.

Ukiwa peke yako nako kuna njia mbili, na karibu kila mtu huchagua ile dhaifu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, mwaka 2006. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, likafunga karatasi na kujaribu kukikumbuka mara tatu. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye waliorudia walibaki na asilimia 40, na waliojijaribu asilimia 61. Mitihani ya chuo haiji baada ya dakika tano. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone aibu yako.

Kipimo changu nacho kinasemaje? Kikundi cha watu wanne kinajua umekosekana saa moja baada ya kukosekana. Hakuna kitu kingine chuoni chenye kasi hiyo.

Kwenda ukumbini au kusubiri madesa

Ukumbi una watu mia nne, kipaza sauti kinakoroma, na mhadhiri anasoma slaidi ambazo jioni zitatumwa kwa wote. Kijana mwenye akili timamu anajiuliza: naenda kufanya nini?

Swali ni halali, na jibu linategemea unalinganisha nini na nini. Mwaka 2010 Marcus Credé na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu mahudhurio vyuoni wakaona kwamba kuhudhuria kunatabiri alama vizuri kuliko mitihani ya kuingilia chuo na kuliko mazoea ya kusoma. Mtu atasema wanaohudhuria ni wale wenye bidii tangu mwanzo. Huenda kuna ukweli humo, lakini ukiwa huna hakika kama una bidii, kuvaa viatu na kwenda ndilo zoezi rahisi kuliko yote.

Hata hivyo mhadhara wenyewe si chombo kizuri sana cha kufundishia. Scott Freeman na wenzake walilinganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, mwaka 2014. Penye mhadhara mtupu, walioanguka walikuwa karibu asilimia 34. Penye darasa ambalo wanafunzi wanafanya kitu, wakajibu, wakajadiliana, walikuwa karibu asilimia 22. Maana yake, kipindi cha semina cha watu ishirini ambacho wengi hukitoroka kwa sababu "hakina kitu kipya" ndicho chenye thamani kuliko ule mhadhara mkubwa wanaougombania viti. Ukilazimika kukosa kimoja wiki hii, kosa mhadhara. Semina usiiguse.

Rekodi ya video, chuo kikiwa nayo, ni nzuri kwa mambo mawili: kurudia sehemu uliyopotea, na siku ya ugonjwa. Ikigeuka mpango wa kudumu inajilimbikiza. Nimeona watu wanaingia wiki ya mitihani na saa thelathini za video ambazo hawajazigusa, wakizitazama kwa kasi maradufu kama wanaofukuzwa.

Madesa ya waliotangulia je? Yachukue, hasa mitihani ya miaka iliyopita. Ila muhtasari wa mtu ni mifupa ya uelewa wake yeye. Nyama alibaki nayo kichwani. Tena mtaala hubadilika na desa halibadiliki. Nilijifunza hilo ndani ya chumba cha mtihani, nikitazama swali la mada ambayo desa langu, lililopigwa kopi mpaka herufi zikafifia, halikuwahi kuisikia.

Kukaa mbele au nyuma? Mbele. Mhadhiri atakuzoea sura, na mbele hakuna wa kupiga naye soga. Kuandika kwa mkono au kwa kompyuta? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walipata kwamba waandikao kwa mkono huelewa dhana vizuri zaidi. Waliolirudia jaribio mwaka 2019 hawakuona tofauti iliyo wazi kiasi kile. Tumia unachokiweza, alimradi huandiki neno kwa neno.

Mhadhiri mwenyewe au mhadhiri msaidizi

Wa mwaka wa kwanza huogopa ofisi ya profesa, na mara nyingi hawamhitaji. Swali la "hatua hii ya tatu imetokeaje" mpelekee mhadhiri msaidizi. Ana muda, juzijuzi alikuwa mwanafunzi, na katika kozi nyingi yeye ndiye anayesahihisha makaratasi. Profesa mwendee kwa maswali ya njia: nisome nini zaidi, fani hii inaelekea wapi, barua ya utambulisho. Nenda saa alizobandika mlangoni. Usiende na "sijaelewa mada yote". Nenda na karatasi yenye jaribio lako na mahali ulipokwama umepazungushia duara. Mtu anayekuja namna hiyo mara mbili kwa muhula, profesa mwenye wanafunzi 400 humkumbuka, kwa sababu huenda wanaokuja hivyo hawafiki kumi.

Marafiki wa zamani au wageni, chama kimoja au vitano

Wiki ya kwanza imejaa meza za vyama: michezo, dini, mijadala, tamthilia, ujasiriamali, watu wa mkoa fulani. Kuna anayejiandikisha kote, na kuna anayepita akiangalia chini kwa sababu tayari ana watu watatu aliosoma nao sekondari.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, mwaka 2018, alikadiria muda ambao urafiki hudai. Kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida ni kama saa 50 za kuwa pamoja. Rafiki hasa, kama saa 90. Rafiki wa karibu, zaidi ya saa 200. Gawanya saa hizo kwa vyama vitano na utaona kwa nini watu wenye kadi tano za uanachama hula peke yao. Chama kinachokutana saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, kinakupa saa 45: karibu tu na mlango wa urafiki. Chukua kimoja, kile chenye mazoezi au kazi ya kila wiki, ambapo ukikosa timu inapungukiwa. Kwaya, timu ya mpira na jarida la wanafunzi vina sifa hiyo. Chama cha mkutano mmoja kwa mwezi hakina.

Je, wale watatu wa sekondari uwatupe? Hapana, saa zao 200 zilishalipwa zamani. Walakini ukibaki nao peke yao, mnajua mambo yaleyale na watu walewale. Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huwafikia watu kupitia wanaofahamiana juujuu tu, kwa vile hao ndio wanaopita katika njia usizopita wewe. Chuoni ni hivyohivyo na habari za ufadhili, za nafasi ya kufanya mazoezi kazini, za mhadhiri wa kuepuka. Marafiki wa zamani ni wa kulilia begani. Habari mpya huja na mtu mliyesalimiana foleni ya maktaba.

Mzigo kamili au mwepesi

Mahali penye uhuru wa kuchagua idadi ya kozi, mwaka wa kwanza hujaza. Hesabu kabla ya kujaza. Mfumo wa krediti wa Ulaya unahesabu krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 1500 hadi 1800. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni saa mbili za nje kwa kila saa moja ya darasani: vipindi 15 kwa wiki vinageuka saa 45. Hiyo ni ajira kamili. Ratiba yenye nafasi nyeupe nyingi inadanganya; nafasi nyeupe ndizo kazi yenyewe.

Anayelazimika kufanya kazi ya kipato ajaribu kupata ya ndani ya chuo, maktaba au maabara, kabla ya kutafuta ya nje. Astin aliona kwamba kazi ya muda ya ndani ya chuo inaambatana na kubaki masomoni, na sababu yake ni ileile ya bweni: uko mahali, unaonekana.

Ukianza kuzama, mapema kabisa uliza tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuandikwa umeanguka. Kuacha kozi moja wiki ya tano kunauma siku mbili. Kuing'ang'ania na kuburuta nyingine tatu pamoja nayo ndiyo njia ya kawaida ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kuanguka masomo.

Kusema au kunyamaza

Wiki ya nne hivi huja wazo ambalo kila mtu huliona ni lake peke yake: walinichagua kwa makosa. Pauline Clance na Suzanne Imes waliliandikia mwaka 1978, wakieleza wanawake waliofanikiwa na bado waliamini watagunduliwa kuwa si lolote. Chuo kikubwa kinalistawisha vizuri, kwa kuwa unaona nyuso 400 tulivu na moyo mmoja tu unaodunda, wako.

Gregory Walton na Geoffrey Cohen walifanya jaribio dogo ajabu, wakalichapisha mwaka 2011. Waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza maelezo ya waliotangulia: kwamba hata wao walihofu hawafai hapa, na hofu ikapungua kadiri muda ulivyokwenda. Kazi yote haikuzidi saa moja. Miaka mitatu baadaye, wanafunzi Weusi waliosoma maelezo yale walikuwa na alama bora kuliko wenzao ambao hawakuyasoma, na pengo kati yao na wanafunzi Weupe lilikuwa limepungua kwa nusu.

Kwa hiyo kati ya kunyamaza na kusema, sema. Lakini chagua mtu. Mwenzako wa mwaka wa kwanza atakufariji na huenda asiamini anachokuambia, kwa sababu naye yumo majini. Mtu wa mwaka wa tatu wa kozi yako anafaa zaidi. Muulize alipata ngapi jaribio lake la kwanza. Na pale usingizi, hamu ya kula na vipindi vinapopotea kwa pamoja wiki mbili mfululizo, hapo si suala la rafiki tena. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, na mwambie mtu mmoja kwamba unakwenda ili akuulize ulifika.

Kurudi nyumbani kila wikiendi au kubaki

Huu ndio ulinganisho ambao sijawahi kuona ukipewa uzito wake. Nyumbani kuna usingizi, chakula usichopanga foleni, na watu wanaokuita kwa jina. Chuoni Jumamosi kuna korido yenye mwangwi. Ukilinganisha wikiendi moja kwa moja, nyumbani kunashinda kila mara.

Zilinganishe sita za mwanzo kwa pamoja. Jumamosi asubuhi ndipo bweni linapofunguka. Mmoja anafua, mwingine anatafuta pasi, wa tatu amepotelewa na ufunguo, na mlango wako ukiwa wazi wote watapita. Zile saa 50 za Hall hukusanywa hapo, wala si kwenye sherehe ya kuwakaribisha wageni. Mwenye nyumba karibu na aende Jumapili mchana arudi jioni. Mwenye mgonjwa nyumbani, au anayelea wadogo zake, aende bila kuniomba ruhusa, na awaeleze wa chumba chake kwamba anakwenda na lini anarudi.

Mimi kati ya wikiendi sita za mwanzo nilirudi nyumbani tano, begi mgongoni kila Ijumaa, bila kuaga. Nilipougua na kutoonekana siku tisa, mwenzangu wa chumba hakuwa mtu mbaya. Alidhani nimekwenda nyumbani, kama kawaida yangu, na safari hii nimenogewa.